Koo la Ndizeye

Ngara,
Agosti 2007

Kwa dada yangu mpendwa Domisiana,

Shikamoo dada. Najua marahaba yako itachukua wiki nzima kunifikia kwa barabara ile ya Murusagamba, nami nitaipokea hata ikija na vumbi lake. Goti linaendeleaje? Shemeji naye? Na migomba je, imepona ule mnyauko, au mmeamua kung'oa yote mpande mihogo? Mimi mwili hauna neno. Nimenenepa kidogo, na kabla hujasema lolote, ndiyo, ni kwa sababu ya kulipwa mshahara wa kukaa kwenye kiti na kuitikia "mmh", kama ulivyowaeleza akina mama wa jumuiya yenu. Habari hiyo ilinifikia, dada. Hapa Ngara habari hazina miguu mibovu.

Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huko kwenu unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na haya ninayotaka kukuambia hayasikilizwi mtu akiwa amesimama kilimani huku wenzake wanasubiri zamu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa parokia. Umeniomba nije huko siku mbili tatu nimkalishe kitako Gidioni wako, ili aache kuvusha bia na sabuni mpakani kwa njia za panya. Umeandika kwamba kama nalipwa kuwatuliza wakimbizi, nitashindwaje kumtuliza mpwa wangu bure. Umeandika pia kwamba nisije na maneno ya kitabuni, nije na ukali wa mjomba.

Dada, jibu langu ni hapana. Gidioni akitaka kuja kwangu kunywa chai kama mpwa, mlango uko wazi na sukari ipo. Lakini kuja kumtengeneza afanane na vile unavyotaka wewe, hapana, na wala si kwamba naipenda biashara yake. Sababu ni mtu mmoja anaitwa Ndizeye. Nakuomba ukae kwanza, ungo wa maharage uweke chini, maana habari yenyewe ni ndefu, na mdogo wako hatoki ndani yake akiwa msafi.

Huyu Ndizeye ni Mrundi wa Muyinga, umri wake kama wangu, ila yeye tumbo hana. Alikuja kambini na mkewe Irambona miaka mingi iliyopita. Kwao alikuwa mkulima kama sisi, lakini jina lake lilitokana na mdomo. Alikuwa msemaji wa posa. Wewe unajua mambo hayo, sisi na wao ni pua na mdomo: upande wa mvulana unakuja na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na msemaji wao, upande wa msichana unamtoa wa kwao, na hao wawili wanapigana kwa maneno mpaka watu wanasahau kiu. Ndizeye aliwasemea mabinti wa watu kule kwao, akaja kuwasemea na huku kambini. Hakukuwa na ndoa ya maana mtaa wao ambayo hakuisimamia. Mtu akishakusemea binti yako, dada, unamwamini hata akikwambia mvua itanyesha Agosti hii.

Ofisi ya kambi nayo ililijua hilo. Mwaka huu walipoanza kuwahimiza watu warudi Burundi, walimtafuta yeye. Wakampa kipaza sauti cha mkononi, koti la njano na posho, azunguke mitaani asubuhi akitangaza kwamba kwao kumetulia, kwamba shule ya kambi inafungwa mwisho wa muhula, soko nalo litafuata, na kwamba malori yapo kwa anayejiandikisha. Alitangaza vizuri mno. Watu ambao walikuwa hawatikisiki kwa ofisa yeyote walianza kung'oa milango yao ya mbao na kuifunga kamba tayari kwa safari.

Mimi kazi ile niliichukia tangu siku ya kwanza. Sikukuambia, kwa sababu unajua ninavyokuwa nikichukia kitu, nakuwa mtu wa kuhubiri. Lakini fikiria nilivyokuwa nimekaa. Kwenye chumba changu cha ushauri pale kambini, chenye viti viwili na jagi la maji, wanawake walinieleza, mmoja mmoja, ni nani anayelima shamba la marehemu mumewe sasa hivi, na mikono ya huyo mtu ilifanya nini mwaka ule wa vita. Walinieleza kwa sauti ya chini, mimi naitikia "mmh" yangu. Halafu nje ya ukuta inapita sauti tamu ya Ndizeye, inawaambia kwao kumetulia. Nilikuwa nasaga meno. Nilimwona kama mtu anayewafukuza wenzake kwa wimbo.

Sasa mwezi wa tano, huyo huyo Ndizeye akaletwa kwangu. Sauti ilikuwa imekatika. Si kukwaruza, dada, kukatika kabisa. Akifungua mdomo inatoka pumzi tu. Daktari wa zahanati alimmulika kooni kwa tochi akasema koo ni zima, halina kidonda wala uvimbe, mpelekeni kwa Mwalimu Idefonsi. (Bado wananiita mwalimu. Miaka kumi na tisa ya chaki haifutiki kwa semina ya ushauri ya miezi mitatu.) Ugonjwa wa namna hiyo tulifundishwa. Mtu anabeba jambo zito, mwili unamsaidia kwa kufunga mlango mmoja. Si uongo, wala hajifanyi. Na kwa kawaida unatibika, tena bila dawa.

Nilimuuliza maswali, naye akajibu kwa kuandika vijineno kwenye daftari la shule. Nilimuuliza alikuwa anatangaza nini siku ile sauti ilipokatika. Aliandika: kurudi nyumbani. Mimi nikafunga hesabu papo hapo. Nikajiambia, naam, dhamiri imemkaba mwenyewe. Anajua anachowafanyia watu.

Basi akawa anakuja kila wiki. Wiki zikapita, sauti hamna. Nilimwambia apumzike, koo halitaki haraka. Nilimwambia anywe tangawizi. Posho ikakatwa, kwa kuwa ofisi haimlipi mtangazaji bubu, na koti la njano likachukuliwa.

Irambona, mkewe, alikuja siku moja na kikapu. Mama mwembamba, mcheshi, ananitania kuliko unavyonitania wewe. Alisema amekuja kumwona huyu mganga asiye na mizizi wala hirizi, ambaye mgonjwa wake anarudi nyumbani kila wiki akiwa vilevile, isipokuwa ameshiba maji. Halafu utani ukamwisha. Akaniambia kwamba mumewe akiwa usingizini huwa anatamka, maneno mazima, na yeye hukaa macho ili ayasikie. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Ndani ya kikapu kulikuwa na viazi vitamu na maparachichi kutoka kwenye kijibustani chao nyuma ya kibanda. Nilikula vyote, dada. Vilikuwa vitamu.

Huko mitaani ofisi ilikwisha kumpa kipaza sauti kijana mwingine, Niyomugabo, ambaye hana maneno ila ana mapafu. Yeye alitangaza kama anayefukuza kunguru shambani: ondokeni, mnangoja nini, mnataka askari waje wawasaidie kufunga mizigo? Askari hawakuwa na habari, lakini nani angejua? Watu waliingiwa na hofu. Familia kadhaa zilitoroka kuelekea Biharamulo, zikajificha kama vibarua kwenye mashamba ya watu huko Nyamigogo, bila kadi na bila zahanati. Mmojawapo wa waliotoroka alikuwa mwanamke niliyekuwa namsikiliza tangu mwaka jana, Speciose, mwenye mtoto mchanga. Kiti chake kilibaki kitupu. Hadi leo sijui alilala wapi.

Nilitegemea kwamba Ndizeye akinyamaza, watu watapata nafasi ya kufikiri kwa utulivu. Ndivyo nilivyotegemea. Akili za mdogo wako hizo, aliyefaulu darasa la saba kwa kumtazamia Deodata wa dawati la mbele.

Kisha ikaja posa ya binti wa jirani yao. Mimi nilialikwa, na unajua huwa sikatai rubisi. Upande wa msichana walimweka Ndizeye mbele palepale anapokaa kila mara, kwa heshima tu, na nyuma yake mzee mmoja ndiye angesema. Msemaji wa upande wa pili alikuwa na ulimi wa pilipili. Akasimama, akawatazama, akauliza kama hawa wenzetu wamechoka kuishi: tumewaletea mtungi uliojaa, wao wanatuletea ngoma isiyo na ngozi! Watu wakacheka, maana ndiyo desturi, matusi ya posa hayana deni. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma kwamba mwacheni, huyu ndiye msemaji bora, hawezi kupandisha mahari. Wakacheka tena. Hata mimi kinywa kilitaka kucheka.

Ndizeye alitabasamu. Mahali ambapo zamani angewararua vipande vipande, alitabasamu tu na kushika magoti yake. Yule mzee wa nyuma akajibu maneno mabovu ambayo hata mimi ningeyajibu vizuri zaidi. Halafu Ndizeye akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Alikuwa ananishukuru kwa kuja. Nikaweka kibuyu chini, nikasema tumbo linaniuma, nikaenda zangu.

Dada, kuna siku moja nimeiruka. Nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo wa barua hii kama kuku anayezunguka chungu cha moto. Sasa naisema.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuja kwangu. Alikuwa mnyonge, nami nikataka kumchangamsha, nikamsimulia posa yangu mwenyewe. Unaikumbuka: Baba mkubwa yule mwenye macho mabovu, alivyosimama kwa fahari, akapita mbele ya mke wangu mtarajiwa, akamnyooshea fimbo mama mkwe na kutamka kwamba huyu ndiye tuliyemfuata, na hatuondoki bila yeye. Nikamwigiza na sauti, na jinsi mama mkwe alivyojibu kwamba atafikiria. Ndizeye akacheka. Hakucheka kwa pumzi, dada. Alicheka kwa sauti, kicheko kizima cha kifua, hadi jagi likatikisika mezani.

Ndicho nilichofundishwa kukisubiri. Mtu akicheka kwa sauti, au akikohoa kwa sauti, basi sauti ipo. Unamwambia papo hapo, kwa upole, umesikia? Hiyo ni yako. Unamwomba agune, kisha avume, kisha aseme neno moja, kama unavyochukua kaa la moto kwa jirani na kulipuliza njia nzima lisizime. Wengine hupona wiki hiyohiyo. Nililijua hilo kama ninavyoijua Salamu Maria.

Nikanyamaza. Nilisikia kicheko kile, na kichwani mwangu nikasikia kipaza sauti. Nikafikiri, nikimrudishia hii, kesho anairudisha mitaani. Nikamimina maji, nikamwambia apumzike, koo halitaki haraka. Na wiki iliyofuata, na iliyofuata, nikawa mwangalifu nisimchekeshe tena. Mimi, dada, ambaye mmeniita mpuuzi tangu utotoni, nilikaa mbele ya mgonjwa wangu kama jiwe la mpaka, nikimlinda asipone.

Usifikiri hapakuwa na njia nyingine. Kanuni yetu ni nyepesi. Ukiona kazi ya mtu inakuchafua moyo hadi humsikilizi tena, unamwambia msimamizi, mgonjwa anahamishiwa kwa mwenzako. Msimamizi wetu, Restituta, yupo mlango wa pili, na si mkali. Sikwenda. Nilijua mwenzangu angemponya.

Baada ya posa ile nilimweleza Ndizeye kila kitu. Nilimwambia nilisikia sauti yake mwezi wa sita nikaificha, na nikamwambia kwa nini. Sikumwigizia mtu yeyote siku hiyo. Ndizeye aliivua kofia yake, akaiweka mezani. Akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti iliyojaa kutu lakini sauti, kwamba angependa kujua jambo moja: kwa nini sikuwahi kumuuliza ni mahali gani ilikatikia.

Nilikuwa nimemuuliza alikuwa anatangaza nini. Mahali, sikumuuliza.

Akaniambia. Ilikatikia kwenye kona ya mikaratusi, panapoanza makaburi ya kambi. Binti yao Clotilda yuko pale, alikufa kwa malaria akiwa na miaka minne. Kila siku alikuwa anageuka kabla ya kona. Siku ile walimwambia afike mpaka mwisho wa mtaa. Alikuwa katikati ya maneno ya mwisho ya tangazo, yale aliyoyatunga mwenyewe ili watu wasisahau sufuria na vyeti vyao, msiache kitu chochote nyuma. Akafika "msiache", basi.

Kuhusu kurudi, alisema hakuwa na dhamiri yoyote iliyomkaba. Aliyaamini maneno yake. Alitaka kurudi kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, na kama wengine hawakutaka, alitegemea wana masikio na akili kama yeye. Akasema ningemwambia tu kwamba kazi yake inanichukiza, angekwenda kwa mshauri mwingine, au tungebishana mpaka jioni kama wanaume, naye kubishana anajua. Akasema: "Lakini wewe, mwalimu, ukanichagulia ububu." Hakupandisha sauti. Alichukua kofia yake, akanishukuru kwa maji.

Sauti ilirudi yote ndani ya siku chache, bila msaada wangu. Alipewa tena kile kipaza sauti, na asubuhi nikaisikia ikipita nje ya ukuta, tamu kama zamani. Watu walitulia. Walijiandikisha kwa utaratibu, wengine wakakataa kwa utaratibu. Nataka uelewe, dada, kazi ile bado naichukia. Wale wanawake walionieleza habari za mashamba yao hawakunidanganya. Ningeweza kumwambia hivyo, uso kwa uso, akiwa na sauti yake ya kunijibu.

Restituta nilimweleza pia. Hakunifukuza. Ameniondoa kwa wagonjwa hadi watakapokaa kunijadili, na sasa napanga viti vya semina na kuchemsha chai. Kwa hiyo ukisikia akina mama wakisema Idefonsi analipwa kwa kukaa, waambie siku hizi nasimama. Na lile wazo la padre wenu, ulilolitaja kwenye barua yako, kwamba nije niwafundishe wanandoa, mwambie kwa heshima atafute mwingine. Usimfiche sababu.

Ndizeye na Irambona waliondoka Jumanne iliyopita. Nilikwenda penye malori. Irambona alinipa mkono, akanitania kwamba nimepungua, ingawa si kweli. Ndizeye naye alinipa mkono, kama mtu anavyompa karani. Kabla ya kupanda alimwita pembeni Verediana, yule mama wa Kihangaza, mwenyeji wa hapa Ngara, anayeuza maandazi getini. Akaongea naye kwa kirefu akinyoosha kidole upande wa mikaratusi, na Verediana akawa anaitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa khanga. Sikuhitaji kusogea ili nijue anamwachia nini. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale, mikono mitupu, mtu wa kanisa, mwenye jembe zuri nyumbani. Sikuombwa.

Jana baada ya misa nilichukua hilo jembe nikaenda hata hivyo. Nilitaka nipalilie, walau mara moja, bila mtu kujua. Nilipata shida kidogo kuliona kaburi la Clotilda, maana ni dogo. Nilipofika nilikuta limekwisha kupaliliwa, udongo umelainishwa kwa mkono, mawe yamepangwa pembeni. Hapakuwa na jani la kung'oa. Nikasimama pale na jembe langu, kisha nikarudi nyumbani.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa kucheka. Goti lako ulikande kwa maji ya moto usiku, usingoje liwe kubwa. Niombee, dada, na ukiwa na hasira nami usizifiche, ziandike. Dereva wa parokia anarudi huku Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Idefonsi